Mayai Yenye Nukta ya Mkaa

Mbu ndio waliotangulia kuondoka.

Nani ataketi alalamike kwamba nyumba yake haina mbu? Tena mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, katikati ya mvua, mwaka ambao mitaro ilijaa vyura hadi watu wakawa wanasalimiana kwa kupiga kelele. Batuli, mke wa mwenye nyumba, alifurahi, maana mjamzito halali vizuri. Yahaya mumewe alikunja chandarua akakisukuma uvunguni. Bi Mwanahawa peke yake, mama yake Yahaya, mwanamke ambaye hakuwahi kupokea neema bila kuipindua aone imetobokea wapi, aliketi uani kwenye kigoda chake, mkono wazi juu ya goti, akingoja aumwe. Hakuumwa. Kwa jirani yake Koleta, ng'ambo ya ukuta, watu walikuwa wakijichapa makofi miguuni kama wapiga ngoma. Kwake, kimya.

"Nyumba inayokimbiwa na mbu," alisema, "ina mwenyewe."

"Mama nawe," Yahaya akacheka. "Wakija kelele, wakiondoka kelele."

Bi Mwanahawa akanyamaza, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Alinyamaza kwa sababu ni yeye aliyemkaribisha huyo mwenyewe, kwa mdomo wake, siku tatu nyuma, na alijua saa na mahali.

Mambo yalianza na mjukuu wake, Abasi. Mtoto wa miaka kumi, darasa la nne, magoti yote makovu. Ulikuwa wakati ule wa Ujamaa, shule zikisema elimu ni ya kujitegemea, kila mtoto awe na mradi nyumbani. Wenziwe wakafuga kuku, wengine sungura, mtoto mmoja wa mtaa wa Isevya akaleta bata aliyemuuma mwalimu. Abasi akafuga mijusi kafiri.

"Mijusi gani?" bibi yake aliuliza.

"Hawa hawa wa ukutani."

"Hawa ninaowaua mimi?"

"Ndiyo maana nawafuga, mke wangu. Utawamaliza."

Alikuwa akimwita mke wangu, kama wajukuu wa kiume wanavyowaita bibi zao, naye akimwita mume wangu, na kumgombeza kama mume kweli. Kuhusu mijusi, Bi Mwanahawa hakuwa na mjadala. Mjusi kafiri ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim ili umuunguze zaidi, kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua hilo, na anayemuua kwa pigo la kwanza ana thawabu mia. Bi Mwanahawa alikuwa hodari wa pigo la kwanza. Kwa kandambili zake alikuwa ameweka akiba ya thawabu za kumtosha yeye, na za kumwazima mwizi.

Lakini Yahaya alikuwa fundi bati, mtengeneza vibatari na mabirika, na hakuweza kumnyima mtoto kipande cha bati. Alikata debe, akalifungulia dirisha, akaziba kwa kitambaa cha chandarua. Humo Abasi akawaweka mijusi wawili, dume na jike. Dume akamwita Balozi, kwa sababu, alisema, kazi yake ni kukaa ukutani na kuchungulia nyumba zote kumi. Jike alikuwa Mke wa Balozi. Balozi mwenyewe wa nyumba kumi aliposikia alikuja kulalamika, akaonyeshwa mjusi, akamtazama sana, akaondoka bila kusema kitu.

Mwalimu alimuuliza Abasi faida ya mradi. Akajibu: mbu ndiye mleta malaria, redio imesema, na mjusi mmoja anakula mbu usiku kucha bila kudai posho. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani, akamwandikia aendelee.

Akaendelea. Mke wa Balozi alitaga mayai mawili, meupe, makubwa kama kunde tu. Abasi aliyafukia nusu katika mchanga aliouchekecha, ndani ya kopo la maziwa, akaliweka kopo kwenye rafu ya jikoni, juu ya mafiga ya bibi yake, shubiri tatu kutoka motoni. Kila asubuhi alikuwa akigusisha kopo ndani ya kifundo cha mkono kama mama anayepima uji wa mtoto. Likiwa la moto mno analisogeza, likipoa analirudisha. Matone mawili ya maji pembeni ya mchanga, yasiguse yai. Mayai ya mwanzo yalioza. Alilia siku nzima, kisha akajua kosa lake.

"Yai la kuku, kuku mwenyewe huligeuza," alimweleza bibi yake, ambaye hakuwa ameuliza. "La mjusi ukiligeuza, mtoto anazama ndani. Lazima juu ibaki juu." Akachukua kijiti cha mkaa, akatia nukta moja juu ya kila moja ya mayai mawili mapya, apate kujua juu ni wapi. "Ona, mke wangu. Nukta itazame dari."

"Nukta yako itatazama kandambili yangu."

Jioni hiyo alimwonyesha jambo jingine. Alimshika Balozi mbele ya kibatari, akamgeuza ubavu. "Tazama sikio lake." Bi Mwanahawa akainama kwa kunung'unika, akaona kitundu kichwani mwa mjusi, na ndani ya kitundu mwanga wa taa, umepita moja kwa moja kutoka upande wa pili.

"Kichwa kitupu," akasema. "Kama cha babu yako."

"Bibi, mbona anaitwa kafiri?"

"Kwa sababu ni kafiri."

"Labda hakuadhiniwa alipozaliwa."

"Nani amwadhinie mjusi, wewe?"

"Hawa wakitoka nitawaadhinia," Abasi akasema. "Sikio la kulia adhana, la kushoto iqama, kama alivyonifanyia baba. Halafu hutapata thawabu tena, utakuwa unaua Waislamu."

Bi Mwanahawa alimchapa kofi dogo la kisogo, akageuka upande wa ukuta apate kucheka.

Homa ilimshika siku ya nne baada ya hapo. Dawa alipewa, na kila aliyeweza kusaidia alisaidia, lakini ilimpanda kichwani. Siku ya tatu ya homa hakumjua mama yake. Alimjua bibi yake tu, na maneno ya mwisho aliyomwambia hayakuwa ya pepo wala ya dua. Alisema, "Mke wangu, usiyageuze."

"Siyagusi," akasema Bi Mwanahawa. "Lala."

Akalala. Mkono wa Bi Mwanahawa ndio uliomfumba macho. Batuli alipiga ukunga uliosikika hadi sokoni. Yahaya alianguka uani kama gunia. Bi Mwanahawa hakulia. Alitafuta mkeka, akatafuta sanda, akawagombeza vijana waliokuja kubeba jeneza na viatu vyenye tope. Wanawake wa mtaani wakasema moyo wake ni jiwe la kusagia. Jambo moja hawakuligundua. Tangu siku hiyo neno "amekufa" halikumtoka kuhusu mtoto yule. Alisema "tangu siku ile". Alisema "alivyoondoka". Neno lenyewe alilizunguka kama mtu anavyolizunguka shimo la choo gizani.

Katika msukosuko wa matanga mtu alilipiga teke debe la mijusi, kitambaa kikachanika, Balozi na mkewe wakaenda zao. Siku ya pili baada ya maziko Bi Mwanahawa aliingia jikoni akakuta jiko limepoa, maana chakula kilikuwa kinaletwa na majirani. Akalishika kopo. Lilikuwa baridi.

Aliketi kwenye majivu, kopo mapajani, akalikumbatia kwa kanga yake kama mtu aliyebebeshwa kitoto kichanga.

Akawa anayalea. Mafuta ya taa yalikuwa ya foleni mwaka ule, watu wanapanga makopo alfajiri, naye akiwasha kibatari mchana kutwa chini ya rafu. "Mama, mbona taa inawaka jua likiwa nje?" Yahaya akauliza. "Macho yangu yamezeeka, yako bado," akajibiwa. Kila asubuhi kopo ndani ya kifundo cha mkono. Matone mawili pembeni. Nukta inatazama dari. Moja lilinywea likabonyea, akalifukia nyuma ya jiko bila kumwambia mtu. La pili lilibaki gumu, na alipolimulika kwa tochi ya Yahaya aliona ndani wekundu mwepesi, kama ukucha wa mtoto ukitazama jua.

Khitma ya arobaini ikapita. Siku ya nne baada ya khitma, alasiri, yuko peke yake jikoni, yai likapasuka.

Kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko kidole chake cha mwisho, kina ngozi inayoonyesha matumbo. Kikapanda juu ya kiganja chake, kikakaa. Hakikukimbia. Ndugu zake wote wa ukutani walikuwa wakimjua Bi Mwanahawa na kumkimbia, na hiki kikatulia katikati ya mistari ya mkono uliowaua baba zake. Akakiinua mbele ya kibatari. Mwanga ukapita sikioni ukatokea upande wa pili.

Mwanamke haadhini, alijua. Mjusi haadhiniwi, alijua zaidi. Lakini mtoto aliahidi, na ahadi ya mtu asiyeweza tena kuitimiza huitimiza nani? Akakisogeza mdomoni. Sikio la kulia, adhana, yote, kwa sauti ya kunong'ona. Sikio la kushoto, iqama. Na kwa kuwa anayeadhiniwa hupewa jina, na kwa kuwa kinywani mwake kulikuwa na jina moja tu tangu siku zile, akakipa hilo.

"Abasi," akasema.

Kikajilamba jicho, kikaruka, kikaingia kwenye makuti ya jikoni.

Siku tatu baadaye mbu wakaondoka.

Kisha ikaja harufu: mchanga wa moto uliotiwa maji, harufu ya lile kopo, lakini sasa ilikuwa vyumbani, kwenye mito, kwenye nywele za Batuli. Kisha alama. Juu ya mlango wa chumba, mahali ambapo Yahaya mwenyewe hafiki bila kiti, masizi ya taa yalikuwa na vidole vitano vya mtoto, vimetanuka, vimeelekea juu. Kisha shati la shule la Abasi, lililokunjwa sandukuni. Bi Mwanahawa alilitoa alianike, akalikuta lina joto. Joto la mwili, kama limevuliwa sasa hivi.

Na magharibi moja, akiwa anachochea moto, sauti ikamjia kutoka juu ya ukuta, nyembamba, imekauka kidogo.

"Mke wangu."

Bi Mwanahawa hakuogopa, na hilo ndilo lilikuwa baya lenyewe. Mtu mwenye akili zake angetupa mwiko akakimbilia msikitini. Yeye aliketi. Alisema, "Umekula?" Sauti ikasema imekula. Akauliza kama ina baridi. Ikasema ilikuwa na baridi zamani, mahali pale, sasa haina. Tangu hapo kila magharibi akawa na kisingizio cha kukaa jikoni, na Batuli akamwambia mumewe kwa sauti ya chini kwamba mama anaongea peke yake na kucheka, na Yahaya akasema mwache, huzuni ni kama wembe, kila mtu hujinyoa kwa namna yake.

Batuli mimba yake ilikuwa na miezi saba. Mtoto aliyekuwa akicheza hadi bakuli lililowekwa juu ya tumbo la mama yake linatikisika, sasa alikuwa anacheza mara moja kwa siku, halafu mara moja kwa siku mbili. Koleta, jirani, Mkatoliki wa Nzega, ambaye mikono yake ilizalisha nusu ya mtaa, aliitwa aguse.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mikono umeosha au umetoka nayo kwenye pombe?"

"Nimetoka nayo kwenye sala, mama, sisi nasi tunasali."

Akacheka, akaweka viganja. Kicheko kikaisha. Tumbo lilikuwa limepoa kama mtungi. Akabonyeza pole pole, akasikiliza, akasogea pembeni na Bi Mwanahawa, akanong'ona, "Yuko hai. Lakini mtoto akilala namjua, na akichoka namjua. Huyu amejikunja mgongoni kabisa. Huyu anajificha."

"Anamkimbia nani?"

"Mimi sijui, mama. Ninyi mnakaa na nani humu?"

Jioni hiyo Bi Mwanahawa alikwenda jikoni na miguu mizito. Sauti ilikuwepo tayari, ilikuwa chini zaidi ukutani kuliko siku zote, karibu na sikio lake.

"Mke wangu, mama ana nini tumboni?"

Akachochea moto.

"Kuna joto humo?"

Ndipo alipoogopa, na woga wake haukuja kwa mara moja kama maji ya ndoo bali ulipanda kutoka kwenye nyayo, ukapita magotini, ukapita kifuani ambako kwa siku zile zote palikuwa na furaha ya wizi, na kila ulipopita ulimwonyesha jambo alilokuwa amelijua na kulifunika kwa kanga: kwamba Abasi asingeuliza mama ana nini tumboni, kwa sababu Abasi ndiye aliyekuwa akilala ameweka shavu juu ya tumbo lile akihesabu mateke, akimwita aliyemo mtu wangu, akimwahidi mjusi mmoja wa kuanzia mradi.

Mzee Mabruki, fundi wa kusoma na kupunga pepo, alikaa mwisho wa mtaa, pale inapotokea njia ya zamani ya misafara, ile iliyokwenda Ujiji. Babu yake alikuja nayo kutoka Manyema na pembe ya ndovu begani. Bi Mwanahawa akamwita, naye akaja magharibi ya kesho yake, akafukiza ubani, akawakalisha Yahaya, Batuli na Bi Mwanahawa ukumbini. Alisimama katikati ya nyumba akaweka mikono masikioni, akaadhini. Jini akisikia adhana hukimbia, hilo halina shaka, ni kama panya na paka.

"Allahu akbar, Allahu akbar," akasema Mzee Mabruki.

"Allahu akbar, Allahu akbar," ikaitika sauti ya mtoto kutoka juu ya boriti.

Batuli akamshika mumewe mkono hadi kucha zikaingia. Mzee Mabruki akaendelea, na kila neno alilolitoa lilirudishwa kutoka juu, kwa adabu, bila haraka, herufi zake safi, kama anavyoitikia mtoto aliyefunzwa vizuri na watu wa kwao, na alipofika mahali ambapo anayesikiliza hujibu kwa maneno mengine, sauti ile ikajibu kwa maneno hayo mengine, haikukosea hata moja, na adhana ilipoisha ikasoma na dua ya baada ya adhana, huku ubani ukipanda moja kwa moja ukafika darini na kukatika, kana kwamba kuna kinywa kinauvuta.

Mzee Mabruki alishusha mikono. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye ndevu.

"Nani," akauliza taratibu, "amemwadhinia huyu?"

Yahaya akatazama chini. Batuli akamtazama mkwewe.

"Mimi," akasema Bi Mwanahawa.

Akasema yote. Kopo, mafuta ya taa, nukta, sikio, jina. Yahaya aliposikia jina alitoka nje, wakamsikia akitapika mtaroni.

"Mama yangu," akasema Mzee Mabruki, naye walikuwa rika moja, "njia hii inayopita nyuma ya nyumba zetu unaijua. Wangapi walianguka humo na mizigo, wakaachwa, hawakuoshwa, hawakuswaliwa, hakuna hata aliyeuliza waliitwa nani? Penye watu kama hao majini hukaa kama nzi. Huyu ametembea njia hiyo miaka mia bila jina wala mlango. Wewe umempa vyote viwili. Sasa ana jina, anatafuta mwili. Mimi siwezi kumfukuza kwa adhana. Ni mtoto wa nyumba, na adhana ndiyo iliyomzaa."

"Basi ni nani anaweza?"

"Aliyempa jina amnyang'anye. Jua likiwa utosini, wakati kivuli kimekaa chini ya miguu na hakuna pa kujificha. Umkane mara tatu, uso kwa uso. Na umwambie yule mwenye jina yuko wapi."

"Mara tatu," akasema Bi Mwanahawa. Hata hapo ulimi haukumwacha. "Kumbe nampa mume wangu talaka."

Hakuna aliyecheka, na yeye hakutaka wacheke.

Kesho yake saa sita mchana aliingia jikoni peke yake. Nje jua lilikuwa limeanika mtaa, Koleta amewaita watoto ndani, hata kuku walikuwa kimya. Ndani kulikuwa na joto la kopo. Akasema, "Njoo nikuone."

Kilishuka kwenye boriti kichwa chini. Kilikuwa na magoti yenye makovu, yale yale, kovu la baiskeli na kovu la chupa, na shati la shule lisiloanguka ingawa kilikuwa kimening'inia juu chini, na vidole vimetanuka ukutani, na uso ni uso wa Abasi, kipaji cha Yahaya, kidevu cha Batuli, isipokuwa macho, macho yale aliyoyafumba kwa mkono wake mwenyewe, kope moja baada ya nyingine, yalikuwa wazi kabisa, hayana kope za kufumba, na ulimi ukatoka taratibu ukalamba moja, ukalamba la pili, ili yasikauke.

"Mke wangu, mbona unalia? Hujawahi kulia."

"Wewe si mjukuu wangu," akasema Bi Mwanahawa.

"Mimi ndiye. Uliniweka kwenye joto. Hukunigeuza."

"Wewe si mjukuu wangu." Sauti ilikuwa inamkatika kama uzi kwenye meno. "Mjukuu wangu hakuwa anauliza mama yake ana nini tumboni. Alikuwa anamjua."

Kikashuka tena, karibu, hadi akasikia pumzi yake, pumzi ya mchanga wenye maji, na kikasema kwa sauti ambayo sasa haikuwa ya kudanganya hata kidogo, na ndiyo iliyomuumiza kuliko zote, sauti ya mtu aliyechoka kutembea, "Basi nisiwe yeye. Niwe yeyote. Huko nje njia ni ndefu, Bibi, na hakuna anayeniita."

Mkono wa Bi Mwanahawa uliinuka wenyewe. Ulikuwa unakwenda kumfuta vumbi usoni. Aliushika kwa mkono wa pili, akaushusha kama mtu anavyoshusha chungu cha moto.

"Wewe si mjukuu wangu," akasema mara ya tatu. "Mjukuu wangu yuko makaburini, amelalia ubavu wa kulia, na sanda niliitafuta mimi. Abasi amekufa. Amekufa. Mtoto wangu amekufa."

Neno lilipotoka halikutoka peke yake. Waliokuwa uani walisikia ukunga ambao ulikuwa umekaa miezi miwili unangoja zamu, na walipoingia walimkuta amelala kifudifudi kwenye majivu, anapigapiga ardhi kwa kiganja. Mbele yake palikuwa na mkia wa mjusi, umekatika, unajinyonganyonga peke yake. Ulichukua muda mrefu kutulia.

Jioni ile mbu mmoja alimtua kwenye mkono. Mbu, huyo huyo aliyewaletea msiba. Bi Mwanahawa alimtazama anavyoinamisha mdomo, akamwacha anywe ashibe. Na chumbani Batuli akapiga kelele ya kicheko na kilio pamoja, kwamba anapigwa teke, njooni mshike, anapigwa teke.

Mtoto alizaliwa mwezi wake ulipotimia, mikononi mwa Koleta, msichana mwenye mapafu ya mpiga zumari. Yahaya ndiye aliyeadhini, kwa sauti kubwa, na watu wote waliangalia juu ya boriti. Hakuna kilichoitika. Siku ya saba akaitwa Maua.

Siku hiyo hiyo ya saba, wageni wakila ukumbini, Bi Mwanahawa alikwenda jikoni kuchukua sinia. Kopo la maziwa lilikuwa bado kwenye rafu, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitupa. Akaligusa kupita tu. Lilikuwa na joto.

Jiko la humo lilikuwa halijawashwa tangu juzi; pilau ilipikwa nje.

Akachungulia ndani. Mayai mawili, meupe, yamefukiwa nusu katika mchanga uliochekechwa. Mjusi yeyote anaweza kutaga kwenye kopo. Lakini juu ya kila yai palikuwa na nukta moja ya mkaa, imewekwa kwa uangalifu, inatazama dari.

Alivua kandambili. Alisimama nayo mkononi muda mrefu, akiwasikia wageni wanavyocheka, na Maua anavyolia, na Yahaya anavyomwambia mtu, chukua na nyama. Pigo moja lingetosha. Au asipige, ageuze tu kwa kidole, juu iwe chini, na mambo yaishe kimya kimya.

Akavaa kandambili yake.

Alijua hesabu. Siku hamsini na kitu, na yatapasuka, na kitakachotoka kitapanda kwenye kiganja chake na kukaa, na taa itapita sikioni. Bila adhana, bila jina, hakitakuwa na njia ya kuingia, Mzee Mabruki alikwisha sema hivyo. Na ikilazimu kukana, atakana tena, ameshajua linavyouma. Lakini siku hizo za joto hakuwa na mkono wa kumnyima mtu, awe nani.

Kwa hiyo aliyalea. Alasiri yalipopasuka alikuwa peke yake, kibatari kinawaka mchana, na alikuwa amejifunga mtandio kinywani, fundo nyuma ya kisogo, ameuuma kwa meno yake yote yaliyobaki, midomo isije ikateleza. Cha kwanza kikapanda kiganjani. Kikageuza kichwa, kikamwekea sikio la kulia, kikangoja.